Daraja la Umma na Asubuhi Moja ya Mwaka

Kila daraja kubwa linapozinduliwa, iwe Afrika Mashariki au ng'ambo ya bahari, mambo hufuatana kwa utaratibu uleule: utepe hukatwa, hotuba hutolewa, kisha umati uliokuwa ukisubiri juani tangu alfajiri huruhusiwa kutembea juu ya lami ambayo bado haijazoea tairi. Kesho yake magari hushika nafasi, na yule aliyeambiwa jana kuwa daraja ni lake hugeuka mtu wa kupigiwa honi asogee pembeni. Mageuzi hayo ya usiku mmoja yamezoeleka kiasi kwamba swali lililo wazi haliulizwi mara nyingi: mali iliyojengwa kwa kodi, tozo na madeni ya watu wote humrudia lini mtu asiyemiliki gari?

Lipo jimbo moja nchini Marekani ambalo limekuwa likilijibu swali hilo kwa vitendo tangu mwaka 1958. Kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ni Sikukuu ya Wafanyakazi katika nchi hiyo, Daraja la Mackinac la jimbo la Michigan hukabidhiwa kwa watu wa miguu kwa saa chache za asubuhi, nao hujitokeza kulitembea kwa makumi ya elfu. Hoja ya makala haya ni kwamba desturi hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa huwakumbusha raia na watawala wao nani hasa mwenye daraja; lakini ina kasoro pia, ambayo haifai kufunikwa na shangwe, kwa kuwa siku moja ya ruhusa imejengwa juu ya mwaka mzima wa marufuku. Nchi zinazojenga madaraja yake makubwa sasa, zikiwamo Tanzania na Kenya, zina nafasi ya kuichukua desturi na kuiacha kasoro.

Jimbo lililogawanywa na maji

Ili kuelewa kwa nini watu hudamka gizani kwenda kutembea kilomita 8 juu ya maji, ni lazima kwanza kulielewa jimbo lenyewe. Michigan imeundwa na rasi mbili, yaani vipande viwili vya nchi kavu vilivyozungukwa na maji kwa sehemu kubwa: Rasi ya Chini, yenye Detroit na viwanda vyake vya magari, na Rasi ya Juu, yenye misitu, historia ndefu ya migodi ya shaba na chuma, na wakazi wapatao 300,000 tu katika jimbo lenye watu karibu milioni 10. Kati ya rasi hizo upo Mlango wa Mackinac, mahali ambapo Ziwa Michigan na Ziwa Huron hukutana. Rasi ya Juu ilitolewa kwa Michigan kama fidia, baada ya jimbo hilo kulikosa eneo la Toledo lililokuwa likigombewa na jirani yake Ohio, na Michigan ikapokewa rasmi katika Muungano wa Marekani mwezi Januari 1837. Kwa miaka 120 iliyofuata serikali moja ilitawala pande mbili ambazo msafiri wa nchi kavu hakuweza kuziunganisha bila kulizunguka Ziwa Michigan zima, kupitia Chicago na jimbo la Wisconsin.

Kuanzia mwaka 1923 jimbo liliendesha vivuko vya kubeba magari, na msomaji aliyewahi kusubiri pantoni anaweza kukisia yaliyofuata. Katika msimu wa kuwinda kulungu, mwezi Novemba, foleni ilienea kilomita nyingi nje ya mji wa Mackinaw City ulioko upande wa kusini. Wakati wa baridi kali barafu ilikwamisha vyombo. Na mgonjwa, sawa na mfanyabiashara mwenye mzigo wa kuoza, alilazimika kufuata ratiba ya kivuko hata pale ambapo haja yake haikuwa na subira. Kwa kaya za Rasi ya Juu maji yale yalikuwa gharama ya kila siku, iliyoingia katika bei ya unga, katika ada ya daktari na katika uamuzi wa kijana kama atarudi nyumbani mwisho wa mwezi au la.

Daraja lililoondoa gharama hiyo halikujengwa kwa hisani ya mtu. Mamlaka ya Daraja la Mackinac, iliyoongozwa na Prentiss Brown, aliyekuwa seneta wa zamani, iliuza hatifungani za dola milioni 99.8, yaani hati za deni ambazo wanunuzi wake wangelipwa mtaji na riba kutokana na tozo za wavukaji. Ujenzi ulianza Mei 1954 kwa michoro ya mhandisi David B. Steinman, na magari yakaanza kupita tarehe 1 Novemba 1957. Deni hilo lilimalizika mwaka 1986, baada ya takriban miaka 30 ya fedha ndogondogo zilizotoka mifukoni mwa wasafiri. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa na madereva wa malori, walimu, wawindaji na familia zilizokwenda kuzikana. Hata leo gari dogo hulipa dola 4 kwa ajili ya matunzo. Mwenye daraja, kwa hiyo, anajulikana, na mjadala uliobaki ni namna anavyoheshimiwa.

Kutoka watu 68 hadi makumi ya elfu

Matembezi ya kwanza yalifanyika Juni 1958, wakati wa sherehe za uzinduzi rasmi, na waliotembea walikuwa watu 68. Mwaka uliofuata yalihamishiwa Sikukuu ya Wafanyakazi, na tangu hapo yamebaki katika tarehe hiyo kwa uaminifu unaofanana na ule wa ibada, yakikosekana mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona. Gavana wa jimbo hutangulia mbele kwa mujibu wa mila, na mwaka 1992, uliokuwa mwaka wa uchaguzi, Rais George H. W. Bush alishiriki akiwa bado madarakani, katika umati uliokadiriwa kufika watu 85,000.

Utaratibu wenyewe ni rahisi, na katika urahisi huo ndimo hekima yake ilimo. Matembezi huanza saa 1 asubuhi, hayana kiingilio, na hayahitaji mtu kujiandikisha. Kukimbia hakuruhusiwi kwa watembeaji, wanyama hawaruhusiwi isipokuwa wale wanaowasaidia walemavu, baiskeli hubaki nyumbani, na mabango pamoja na miavuli huzuiwa. Vigari vya watoto na viti vya magurudumu hupita bila kikwazo. Choo hakipo juu ya daraja, jambo ambalo mzazi mwenye watoto watatu hulizingatia kabla ya kunywa chai. Tangu mwaka 2018 watu huanzia miji yote miwili, Mackinaw City kusini na St. Ignace kaskazini, ambapo wengi hutembea hadi katikati na kugeuka, huku wanaotaka kuvuka mwendo mzima wakijipangia wenyewe namna ya kurudi. Anayekamilisha hupewa cheti cha ukumbusho, na mshindi hakuna.

Kukosekana kwa mshindi si jambo dogo. Marathoni, ambazo sasa zimejaa katika kalenda za miji ya Afrika Mashariki, hupanga watu kwa kasi na mara nyingi kwa uwezo wa kulipa ada na kununua fulana. Matembezi ya Mackinac humweka bibi wa miaka 80 na mtoto anayejifunza kutembea katika mstari mmoja na gavana, na humlazimisha gavana kwenda kwa mwendo wa umma. Ni mara ngapi katika mwaka kiongozi hulikanyaga kwa nyayo zake, bila msafara wala king'ora, jengo analolitaja katika kampeni?

Kanuni hizo kali zina sababu za kihandisi na za kibinadamu. Mwezi Mei 1987, Daraja la Golden Gate la San Francisco lilipotimiza miaka 50 na kufunguliwa kwa watu wa miguu, umati uliokadiriwa kufika watu 300,000 uliingia kutoka pande zote mbili na kukwama katikati, hadi sakafu ya daraja, ambayo kwa kawaida huinuka kidogo kama upinde, ikalazwa na kuwa bapa. Daraja lilistahimili, lakini watu walibanana kwa saa nyingi bila pa kutokea. Mpango wa Mackinac wa kugeukia katikati, wa kuweka saa ya mwisho na wa kukataza vurugu za mbio huendana na ukweli kwamba umati usiopangwa huweza kuwa mzigo mzito kuliko msururu wa malori.

Wavu wa chuma chini ya nyayo

Kinachopatikana kwa kutembea, ambacho dereva hakipati, huonekana vizuri zaidi mtu anapofika katika sehemu inayoning'inia. Daraja la kuning'inia ni lile ambalo sakafu yake haikukalia nguzo nyingi, bali imetundikwa kwa nyaya zinazoshuka kutoka kwenye nyaya kuu mbili zilizopitishwa juu ya minara. Minara ya Mackinac inapanda mita 168 juu ya maji, na umbali kati ya mmoja na mwingine ni mita 1,158. Katika sehemu hiyo njia mbili za pembeni zina lami, lakini njia mbili za ndani zimetandikwa wavu wa chuma wenye matundu, ambao kwa dereva si zaidi ya mlio wa tairi unaobadilika ghafla. Mtembeaji anayesimama juu yake, akiwa takriban mita 60 juu ya ziwa, hutazama kati ya viatu vyake na kuona maji ya kijani yakienda chini kabisa, huku upepo ukipanda kupitia matundu na kupeperusha ncha za suruali. Wapo wanaoganda papo hapo na kuhamia upande wa lami. Na woga huo si wa ajabu, kwa maana mamlaka ya daraja ina wafanyakazi wa kuwaendeshea magari madereva wanaoshindwa kulivuka kwa hofu.

Matundu hayo ni jibu la msiba. Tarehe 7 Novemba 1940 Daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, likiwa na miezi minne tu tangu kufunguliwa, lilipindwapindwa na upepo wa kawaida hadi likaporomoka, kwa sababu kuta zake za pembeni zilikuwa pana na zilizozibwa, zikiuzuia upepo badala ya kuupitisha. Steinman alichora Mackinac kwa kulifikiria anguko hilo: sakafu iliyotobolewa na fremu za chuma zilizo wazi huruhusu upepo kupenya, na katika dhoruba kali sehemu ya katikati inaweza kusogea pembeni polepole kwa takriban mita 10, kisha kurejea mahali pake pepo zinapotulia. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na mtembeaji wa Mackinac huiona kazi ya kuunda kwa macho, tundu kwa tundu, badala ya kuisikia katika hotuba.

Ndiyo maana Sikukuu ya Wafanyakazi inafaa kuwa siku ya matembezi hayo. Wajenzi watano walikufa katika kazi hiyo: mmoja alikuwa mzamiaji, na wawili walianguka pamoja kutoka kwenye ujia wa waya uliokuwa juu ya maji. Simulizi za mtaani hudai kuwa miili ya wafanyakazi imezikwa ndani ya zege la nguzo, jambo lisilo kweli. Lakini simulizi hizo hudumu kwa sababu watu wanahisi, bila kukosea, kwamba jengo la namna hii lina maisha ya wengine ndani yake. Sikukuu yenyewe iliwekwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 1894, mwezi Septemba, huku nchi nyingine nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, zikiadhimisha Mei Mosi, siku ambayo chimbuko lake ni mgomo wa kudai saa 8 za kazi uliotikisa Chicago mwaka 1886. Chicago iko katika ufuko wa kusini wa Ziwa Michigan hilohilo, na daraja liko katika mlango wake wa kaskazini.

Hapa, hata hivyo, ipo hitilafu ya kutafakari. Mei Mosi ya Dar es Salaam au Nairobi ni siku ya mabango, ya nyimbo za vyama na ya masikio yaliyotegwa kusikia kama kima cha chini cha mshahara kitapanda. Katika Daraja la Mackinac bango ni marufuku. Jimbo ambalo wafanyakazi wake wa Flint walikaa ndani ya viwanda vya General Motors kati ya Desemba 1936 na Februari 1937 hadi chama chao kikatambuliwa, huiadhimisha siku yao juu ya daraja kwa kutembea bila kudai lolote kwa maandishi. Wapo watakaoona humo ustaarabu wa kuwaweka pamoja watu wa vyama vyote, na hoja hiyo ina uzito. Lakini sikukuu iliyonyamazishwa kabisa huweza kusahau ilikozaliwa.

Nani hulipa gharama ya asubuhi hiyo?

Kwa miaka mingi watembeaji walipewa nusu ya daraja huku magari yakiendelea katika nusu nyingine. Mwaka 2017, baada ya mashambulizi ya kutumia magari kugonga umati katika miji kadhaa ya dunia, iliamuliwa daraja lifungwe kabisa kwa magari ya kawaida, na sasa hufungwa kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 6 mchana. Hakuna njia ya mchepuko. Kwa saa hizo jimbo hurudi kuwa vipande viwili kama lilivyokuwa kabla ya 1957.

Pingamizi dhidi ya ufungaji huo ni la haki, na halifai kudharauliwa. Dereva wa lori anayelipwa kwa safari hupoteza nusu siku; muuguzi anayeishi ng'ambo moja na kufanya kazi ng'ambo ya pili hulazimika kuondoka usiku; familia inayorudi kutoka mapumziko ya mwisho wa majira ya joto hukaa katika foleni na watoto wanaolia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtembeaji mwenye furaha anaweza asimwone aliyekwama kwenye vibanda vya tozo.

Jibu la pingamizi hilo limo katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba gharama hii hutangazwa mapema na haibadiliki: tarehe inajulikana mwaka mzima kabla, saa zinajulikana, na kaya au kampuni inaweza kupanga. Foleni ya kivuko haikuwa na tarehe. Ajali, theluji na matengenezo hulifunga daraja bila kumtaka mtu ushauri, na bado hakuna anayependekeza kwamba daraja liachwe bila kutunzwa ili lori lisicheleweshwe. La pili ni kwamba kinachonunuliwa kwa saa hizo tano na nusu hakipatikani sokoni. Raia aliyepita juu ya wavu ule kwa miguu, akaona unene wa nyaya, kutu iliyokwanguliwa na rangi mpya inayopakwa, anaposikia kwamba tozo itapanda kwa ajili ya matunzo huwa na msingi wa kukubali au kukataa. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la raia wa kawaida ni kile alichokiona mwenyewe.

Siku 364 zilizobaki

Mgala muue na haki umpe, lakini haki ikishatolewa lawama nayo isemwe. Daraja la Mackinac halina njia ya watembea kwa miguu. Nje ya asubuhi ile moja, mtu wa miguu au wa baiskeli kwa kawaida haruhusiwi kulivuka. Hupakiwa katika gari la mamlaka na kuvushwa kwa ada. Matembezi ya Septemba yanavutia kwa sehemu kubwa kwa sababu ni adimu, nayo ni adimu kwa sababu wabunifu wa miaka ya 1950, katika jimbo lililoipa dunia Ford Model T na mstari wa kuunganishia magari, hawakumfikiria mtu asiye na injini.

Je, teknolojia ndiyo iliyowazuia? Haikuwazuia. Daraja la Brooklyn la New York lilifunguliwa mwaka 1883 likiwa na ujia mpana wa waenda kwa miguu juu ya njia za magari, na Golden Gate lilifunguliwa mwaka 1937 likiwa na njia za pembeni ambazo watu huzitumia hadi leo. Upepo wa Mackinac ni mkali, barafu huanguka kutoka kwenye nyaya, na mwendo wa kilomita 8 si wa kila mtu. Hizo ni sababu za kulifunga lango la miguu siku za hatari, si sababu za kutolijenga. Mtu mwenye haki ya kuvuka asubuhi moja kwa mwaka amewekwa katika hali ya mwenye nyumba anayekaribishwa sebuleni kwake siku ya Idi pekee. Anakula pilau, anashukuru, kisha anarudi uani.

Matokeo ya uamuzi huo kwa kaya yanaonekana polepole. Kijana wa St. Ignace anayepata kibarua Mackinaw City hawezi kukianza kabla hajapata gari, na gari linamaanisha mkopo, bima, mafuta na tozo ya kila siku. Ukosefu wa njia ya miguu hugeuza gari kuwa kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote, ambayo maskini huilipa kwanza na kwa kiwango kilekile anacholipa tajiri. Dau la mnyonge haliendi joshi, na pale ambapo daraja limejengwa kwa ajili ya magari peke yake, dau lenyewe halipewi hata gati.

Vivuko vinavyoondoka Afrika Mashariki

Historia ya Mackinac inawahusu wasomaji wa Kiswahili kwa sababu inarudiwa mbele ya macho yao. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lijulikanalo pia kama Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, ambalo liliondoa utegemezi wa kivuko kati ya Misungwi na Sengerema. Kabla yake, Aprili 2016, Daraja la Kigamboni la mita 680 liliwapunguzia wakazi wa Dar es Salaam adha ya pantoni ya Magogoni, ingawa tozo yake ililalamikiwa kwa miaka hadi ilipopunguzwa mwaka 2022. Katika maji haya kivuko hakikuwa usumbufu tu: ajali ya Mtongwe, Mombasa, mwezi Aprili 1994, iliua watu zaidi ya 270, na kuzama kwa MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, kuliua zaidi ya 220.

Madaraja hayo mawili ya Tanzania yana jambo ambalo Mackinac halina, yaani njia za pembeni za watembea kwa miguu. Mama anayebeba dagaa kichwani, mwanafunzi na fundi mwenye sanduku la vifaa huvuka siku yoyote bila kusubiri sikukuu. Hiyo ni hatua ya mbele, na inastahili kulindwa kwa wivu. Kinachokosekana ni upande wa pili wa jambo, yaani desturi ya pamoja: siku inayojulikana, isiyo na kiingilio, ambayo viongozi na wananchi hulitembea daraja lao lote, njia za magari zikiwamo, na kusikia limegharimu nini, limetunzwaje na deni lake limebaki kiasi gani.

Hatari ya kwenda njia ya Michigan nayo ipo karibu. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu watembea kwa miguu wala bodaboda. Tarehe 8 Mei 2022, siku chache kabla ya magari kuanza kuitumia, wakimbiaji wa marathoni ya jiji la Nairobi waliipita, na picha za miguu juu ya barabara ya magari zikapendeza sana. Hakuna ubaya katika picha hizo, mradi zisichukuliwe kuwa jibu. Maelfu ya wafanyakazi wanaotembea chini ya nguzo za barabara hiyo kwenda viwandani, wakitafuta pa kuvukia na pa kukwepea magari, hawawezi kulishwa mbio za siku moja. Mkimbiaji hulipa ada ili apite mara moja, ilhali mtembeaji wa asubuhi hupita kila siku bila kupewa njia ya kueleweka.

Masharti ya kuazima desturi

Desturi ya kuazima hufaa ikikatwa kwa kipimo cha mwazimaji. Siku inayofaa zaidi ni Mei Mosi, kwa sababu inabeba jina la waliojenga na haihitaji sikukuu mpya kuongezwa kwenye kalenda. Saa inayofaa ni ya alfajiri, kwa kuwa jua la Mwanza na la Dar es Salaam halina huruma ifikapo saa 4. Kwa Kigamboni, ambako pantoni na barabara ya kuzungukia Kongowe bado vipo, daraja linaweza kufungwa kwa saa chache bila kuitenga wilaya. Kwa Kigongo–Busisi inatosha kuwapa watembeaji upande mmoja na kuyaacha magari yapishane upande wa pili nyuma ya vizuizi imara, kama Michigan ilivyofanya kwa miongo kadhaa kabla ya 2017. Maji ya kunywa, huduma ya kwanza, vyoo katika ncha zote mbili na saa kamili ya mwisho si mapambo. Ni masharti ya kuruhusu watu wengi juu ya jengo moja.

Sharti la pili ni kwamba siku hiyo isigeuzwe mkutano wa kampeni wala uwanja wa wadhamini wa fulana. Bango la mfanyakazi anayedai malimbikizo yake liruhusiwe, kwa sababu siku ni yake, lakini jukwaa la mgombea libaki nchi kavu. Na taarifa ya mapato ya tozo, pale inapokusanywa, isomwe kwa sauti mbele ya waliolipa. Kaya iliyotoa shilingi kila siku ina haki ya kuambiwa shilingi hiyo imeondoa kutu gani.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kwamba sherehe isipewe kazi ya kufidia haki. Madaraja, barabara za juu na vivuko vipya vitaendelea kuchorwa katika ofisi za wahandisi na kupitishwa katika bajeti za serikali, na katika kila mchoro utakuwapo mshawishi wa kupunguza gharama kwa kuondoa mita mbili za pembeni, akisema kwamba watu wa miguu ni wachache au kwamba watapanda daladala. Madiwani, wabunge na vyama vya wafanyakazi wanapaswa kuuliza swali la njia ya miguu kabla saini haijawekwa, maana zege likishakauka kinachobaki kwa mwananchi ni kuomba ruhusa ya asubuhi moja.